Muvi moja maksi tano, sasa nani muongo?

Jumapili usiku kwenye group letu la WhatsApp ndo siku ya kila mtu kutaja muvi alizoangalia wiki nzima na kuzipa maksi, hamna sheria, unaandika jina la muvi unaweka 7/10 au 4/10, ukitaka unaongezea neno moja tu kama "kali" au "chenga", halafu unakaa mkao wa kushambuliwa. Sasa juzi kati hapa jamaa mmoja akairudia Black Panther, ile ya 2018, akaipa 6. Sita! Group likawaka moto. Wa kwanza akaleta skrinshoti ya Rotten Tomatoes, moja ya zile tovuti zinazotoa maksi za muvi, inasema 96%, wa pili akaleta ya IMDb, tovuti nyingine ya hivyohivyo, inasema 7.3, wa tatu akaja na 79% ambayo nayo imetoka humohumo Rotten Tomatoes, wa nne akatupia ya Metacritic 88, na dada mmoja ambaye huwa anasoma tu bila kuchangia akamalizia kwamba watu waliotoka ukumbini Marekani wikiendi ya kwanza waliipa A+. Muvi ni ileile, dakika ni zilezile, Lupita ni yuleyule. Baada ya robo saa hakuna aliyekuwa anaongelea muvi tena, mada ikawa nani kahongwa.

Aliyetoa 6 nae akapata pa kupumulia, akaandika "mnaona sasa, 7.3 iko karibu na mimi kuliko hiyo 96 yenu ya mchongo".

Nikacheka mwenyewe maana huyo jamaa kumbe yupo ndani ya ile 96 anayoiita mchongo. Ndio, na 6 yake. Nitaeleza, ila ngoja tuifuate hiyo 6 ya jamaa taratibu tuone kila sehemu inapita wapi, maana ukielewa inavyotendewa basi umeelewa biashara nzima.

Tuanze na Rotten Tomatoes. Kwanza historia yake ni tamu kwa sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza, aliyeianzisha anaitwa Senh Duong, kijana wa pale Chuo Kikuu cha Berkeley, California, na alikuwa shabiki wa kutupwa wa Jackie Chan. Kila muvi ya Jackie ikiingia Marekani alikuwa anakusanya magazeti yamesema nini, akaona mbona hii kazi inaweza kufanyika kwa muvi zote, akaifungua Agosti 1998 akilenga kuiwahi Rush Hour. Rush Hour yenyewe ikaja kusogezwa hadi Septemba lakini mtambo ukawa tayari umeshaanza kuzunguka. Jina limetoka kwenye ile desturi ya zamani ya kumrushia nyanya mbovu msanii anayeboa jukwaani.

Sasa ile asilimia. Watu wengi wanaisoma kama karatasi ya mtihani, 96% maana yake muvi imepata 96 kati ya 100. Hapana. Chukulia mama ntilie wa stendi, unasimama nje unauliza watu 10 wanaotoka kula, vipi chakula kinalika? Wote 10 wanakujibu kinalika, hamna maajabu, ukiwabana wakupe maksi kila mmoja anasema 6 ya 10. Umepata 100% kwa sababu wote wamesema ndiyo. Unahamia kwa mama mwingine anayepika pweza wa nazi, hapo watano wanatoka wanajilamba vidole wanampa 10, watano wengine pweza hawamuwezi wanampa 4 na wanasema hawarudi. Huyu amepata 50%. Lakini piga wastani wa maksi, yule wa kwanza ana 6 na huyu wa pweza ana 7! Mwenye 50% kampita mwenye 100%. Na hakuna hata mtu mmoja aliyedanganya, ni swali tu. Ile asilimia inahesabu vichwa vilivyosema ndiyo, furaha ya kila kichwa haiihesabu.

Kwa hiyo 96 ya Black Panther inasema hivi, katika kila wachambuzi 100 waliokubaliwa na Rotten Tomatoes, 96 walisema inafaa kuangaliwa. Basi. Wastani wa maksi za wachambuzi haohao ulikuwa 8 na pointi, ambayo ni nzuri sana lakini sio 9.6. Na mchambuzi anayetoa 6 ya 10 kwa kawaida anahesabiwa kwenye waliosema ndiyo, ndo maana nasema yule jamaa angekuwa mchambuzi wa gazeti angeingia kwenye nyanya nyekundu, yaani alama ya waliosema ndiyo, na 96 ingebaki palepale.

Ila subiri. Ile 79% ya watazamaji, japo inakaa ubavuni mwa 96 kwenye ukurasa mmoja, mstari wake uko sehemu nyingine. Mtazamaji anatoa nyota mpaka 5 na ili ahesabiwe kwamba ameipenda lazima awe ametoa nyota 3 na nusu au zaidi, yaani 7 ya 10. Sasa ile 6 ya jamaa ni nyota 3. Hajafika. Kwa hiyo 6 ileile, ukiipeleka dirisha la wachambuzi ni "ndiyo", ukiipeleka dirisha la watazamaji ni "hapana". Nilivyoliandika hili kwenye group watu walinyamaza kama dakika mbili hivi, ambayo kwa group letu ni rekodi.

Kuhusu hiyo asilimia kuna mambo mawili zaidi halafu tuhame. La kwanza, 100% ni kitu dhaifu sana kwa sababu mtu mmoja tu anaiangusha. Citizen Kane ya 1941, ambayo wazee wa sinema wanaihesabu kama msahafu, ilikaa na 100% miaka na miaka, mwaka 2021 wakaingiza uchambuzi wa zamani wa Chicago Tribune wa mwaka uleule 1941 ambao haukuisifia, ikashuka 99%. Gazeti la miaka 80! Watu wakaanza kushangilia kwamba sasa Paddington 2, ile ya dubu mla jem, imeipita Citizen Kane kwa ubora, wiki chache tu baadae na yenyewe ikapata mchambuzi mmoja hakuipenda nayo ikaenda 99%. Dubu wa watu hata hajafaidi.

La pili ndo lile la hongo. 2023 kuna uchunguzi ulitoka Marekani kwamba kampuni moja ya kutangaza muvi ilikuwa inawalipa wachambuzi wadogowadogo ili waandike kuhusu muvi za wateja wake, na akiandika vibaya anaombwa akaweke sehemu ambayo Rotten Tomatoes hawaoni. Rotten Tomatoes wakaziondoa muvi kadhaa za kampuni hiyo. Ila angalia, huo ujanja unafanya kazi kwa muvi ndogo yenye wachambuzi 20, hapo ukiongeza watano wako unaweza kuvuka 60%, ambayo ndo mpaka wa muvi kupewa nyanya nzima au nyanya iliyooza. Black Panther ina wachambuzi mia kadhaa, kumhonga mmoja mmoja ungefilisika. Kwa hiyo ukiona asilimia, cheki na idadi ya wachambuzi chini yake, 92% ya watu 12 na 92% ya watu 400 hazilingani uzito hata kidogo.

Metacritic sitakaa sana. Wao walianza 2001 na wanafanya kile ambacho wengi wanadhani Rotten Tomatoes anafanya, wanageuza kila uchambuzi kuwa namba kati ya 0 na 100 halafu wanapiga wastani, ila wachambuzi wengine wana uzito kuliko wengine na uzito huo hawautaji. Kuanzia 61 ni kijani, 40 mpaka 60 ni njano, chini ya hapo nyekundu. Kwa hiyo 6 ya jamaa huku inakuwa 60, njano, inaivuta ile 88 chini kidogo. Hapa sasa ndo jamaa angekuwa na haki ya kusema mimi sikubaliani na nyie.

IMDb ndo yenye vituko. Hii ilianza 1990 kama orodha ya mashabiki kwenye intaneti ya kizamani, mtu wa kwanza nyuma yake ni Muingereza anaitwa Col Needham, na Amazon wakainunua 1998. Kule hakuna mchambuzi wala nani, ukijiandikisha tu unapiga kura 1 mpaka 10. Watu wanadhani ile 7.3 ni jumla ya kura gawanya kwa wapigaji, na hapo wanakosea, IMDb wenyewe wanasema wazi kwamba ni wastani wenye uzito na fomula nzima hawatoi, ili wajanja wasijue pa kupenyea. Mtu aliyefungua akaunti leo asubuhi akapiga 1 kwa muvi ambayo hata hajaiangalia, kura yake inaonekana pale kwenye hesabu ya kura lakini sio lazima iwe na nguvu sawa na ya kwako wewe mzee wa miaka kumi.

Fomula moja tu ndo waliwahi kuianika, ya ile orodha ya muvi 250 bora, na nitaielezea maana ni akili kubwa kwa hesabu ndogo. Muvi inabidi iwe na kura zisizopungua 25,000. Halafu kila muvi wanaiongezea kama kura hewa 25,000 zenye wastani wa kawaida wa muvi zote, chukulia 7. Sasa muvi ya mshkaji wako yenye kura 100 na wastani 9.8, ambazo 40 ni za ndugu zake na 60 za waliofanya kazi humo, ukiichanganya na hizo 25,000 za saba unapata 7.01. Hamna kitu. Ila muvi yenye kura 500,000 na wastani wa 9, ukiichanganya unapata 8.9, haijatikisika. Kwa maneno mengine muvi inaanza ikiwa ya kawaida na inabidi kura zake zenyewe ziivute kutoka hapo. The Shawshank Redemption ya 1994 imekaa namba moja tangu 2008 kwa mtindo huo, kura mamilioni, na ilipotoka haikuuza kabisa ukumbini, Oscar iliteuliwa mara 7 ikatoka mikono mitupu.

Sasa nije kwenye mfano ninaoupenda kuliko yote kwa sababu una Wahindi ndani na sisi muvi za Kihindi tumelelewa nazo. Februari 2014 ilitoka Gunday, ya Ranveer Singh, Arjun Kapoor na Priyanka Chopra, hata marehemu Irrfan Khan yumo. Muvi ya kawaida ya Kihindi, majambazi wawili marafiki wa kufa na kuzikana, wanampenda mwanamke mmoja, mnajua wenyewe inavyokuwaga. Baadhi ya wachambuzi waliisifia tu vizuri. Ghafla ikawa ndo muvi yenye maksi za chini kuliko zote IMDb, 1.4, kwa kura zaidi ya 40,000! Na ukiangalia mgawanyo wa kura, kama 91% walikuwa wamepiga 1.

Kulikoni? Muvi inaanza na sauti ya msimuliaji inayosema vita vya 1971 vilikuwa vya India na Pakistan na mwisho wake ndo ikazaliwa Bangladesh. Wabangladesh wakawaka, maana kwao vile ni vita vyao vya uhuru, wao ndo waliopigana na kufa miezi kabla India haijaingia rasmi, halafu muvi inakuja kuwafanya kama mtoto aliyeokotwa njiani. Wanaharakati wakaitana mtandaoni, twendeni IMDb. Kampuni ya Yash Raj iliyotengeneza ikaomba radhi lakini kura zilishamwagika. Sasa ile 1.4 ilikuwa ya uongo? Mimi nasema sio uongo, ni jibu la kweli kabisa la swali ambalo IMDb haikuuliza. IMDb iliuliza muvi hii umeionaje, wao wakajibu historia yetu mmeifanyaje. Wengi wao huenda hata hawakuvuka dakika ya tano, na kwa hasira waliyokuwa nayo hawakuhitaji kuvuka.

Tangu hapo huo mchezo umekuwa wa kila msimu. Black Panther yenyewe kabla haijatoka kuna watu walifungua group la Facebook wakipanga kwenda kuishusha maksi za watazamaji Rotten Tomatoes, Facebook wakalifuta. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Captain Marvel, maoni mabaya yakaanza kumiminika muvi ikiwa bado haijaonyeshwa, Rotten Tomatoes ikabidi wabadilishe mfumo wao na kuanzia Mei 2019 wakaleta maksi za waliothibitishwa kununua tiketi. 2023 IMDb nao wakaweka tangazo kwenye ukurasa wa The Little Mermaid kwamba wameona upigaji kura usio wa kawaida kwa hiyo wametumia hesabu nyingine. Kwa hiyo ile 79% ya Black Panther ni ya zama za mlango wazi, yeyote aliingia, aliyeangalia na asiyeangalia.

Tiketi nazo zina mambo yake. Mwenye Rotten Tomatoes tangu 2016 ni Fandango, na Fandango kazi yake ni kuuza tiketi za sinema. Hao Fandango mwaka 2015 walikutwa kwenye tovuti yao muvi yenye wastani wa nyota 4.1 inaonyeshwa 4 na nusu, wanapandisha tu juu kwenda nusu inayofuata, walipoulizwa wakasema ni hitilafu ya programu. Hitilafu ambayo siku zote inapandisha na haijawahi kushusha, haya bwana.

Turudi kwa yule dada wa A+. Hiyo inaitwa CinemaScore, ipo Las Vegas tangu mwishoni mwa miaka ya 70, na kazi yao ni kusimama ukumbini siku muvi inapotoka wanagawa vikadi, unachagua herufi, A mpaka F, unarudisha. Uzuri wake ni kwamba huwezi kuijaza bila kuwepo pale, umelipa na umekaa mpaka mwisho. Ndo maana Star Wars ya 2017, The Last Jedi, kule mtandaoni watazamaji wameipa asilimia arobaini na kitu, wachambuzi 91, na CinemaScore A. Ukiunganisha hivyo unaona kabisa waliokuwa ukumbini usiku ule wengi walitoka wameridhika, na wenye hasira ndo waliokwenda nyumbani wakafungua kompyuta. Aliyeridhika anaenda zake kula chips.

Ubaya wake nao ni huohuo. Anayeenda ukumbini wikiendi ya kwanza ni shabiki tayari, katangaziwa miezi sita, kalipa, hataki kuonekana boya. Kwa hiyo kwa kawaida hawa wanatoa A na B, wakitoa C ujue kuna shida. F ni msiba, na mara nyingi F haimaanishi muvi mbovu, inamaanisha umeuziwa mbuzi kwenye gunia. mother! ya Jennifer Lawrence, 2017, ilipata F wakati wachambuzi karibu 7 kati ya 10 waliisifia, watu waliingia wakitegemea muvi ya kutisha na staa wao, wakakutana na mafumbo ya kidini na mambo mazito. Na A+ ya Black Panther nayo uisome hivyohivyo, watu waliahidiwa Wakanda, ile nchi ya kwenye muvi, wakapewa Wakanda. Jamaa wa 6 yeye kaiangalia peke yake miaka mingi baadae kwenye simu, analala huku anachati, hivi kweli tunategemea atoe A+?

Letterboxd kwa wale wa kisasa ilianza New Zealand 2011, nyota nusu mpaka 5, na pale ni kama daftari la mtu, unaandika umeangalia lini na mara ya ngapi. Watu wa kule ni wapenzi wa sinema haswa kwa hiyo muvi ya Kikorea au ya kimyakimya inaweza kuwa juu na muvi ya mabomu ikawa chini, na hapo ndo unajua kila kijiwe kina watu wake. Hizo nyota zenyewe kumbe za zamani, mwandishi wa New York Daily News, bi Irene Thirer, alianza kuzitumia 1928, mwisho wake zilikuwa 3.

Haya, hapo nilipofika kwenye group jamaa akauliza swali ambalo kwangu ndo la maana kuliko yote. Akasema, "sasa mbona mimi 6 naona ni maksi nzuri tu, mbona mmenishambulia?"

Nikaenda kulala nalo hilo. Nadhani jibu lipo shuleni. Sisi tuliosoma Tanzania, kidato cha nne A inaanzia 75, B ni 65, C inaanzia 45, na hata 30 ni D, umefaulu unaenda nyumbani kifua mbele. Mmarekani kwao chini ya 60 kwa kawaida ni F. Kwa hiyo Mmarekani akitoa 5 ya 10 anasema muvi imefeli, mimi nikitoa 5 nasema ni C, inaangalika kama umeme upo na huna pa kwenda. Ndo maana namba zote za mtandaoni zinajazana kati ya 6 na 8 na muvi ya 5 inaonekana kama takataka. Tena na sisi tumeambukizwa, kwenye group letu hakuna anayetumia 3, mtu akichukia anaruka moja kwa moja kwenye 1, akipenda ni 9, hapo katikati pamebaki 7, na 7 siku hizi maana yake "sikumbuki vizuri".

Jamaa wa 6 alikuwa anatumia kipimo chake chote kuanzia 1. Nikamuuliza mwaka huu umetoa 8 ngapi, akasema mbili. Nikamuuliza yule aliyemshambulia sana umetoa 9 ngapi, akahesabu akafika kumi na nne akaacha. Sasa nyie niambieni, 6 ya yule na 9 ya huyu, ipi sifa kubwa?

Na bado hatujasema umeangaliaje. Black Panther Februari 2018 ilizinduliwa mpaka Kisumu kwa kina Lupita, wengine wakaenda Mlimani City kwa makundi, na wengine tuliipata kwenye flashi, kopi iliyorekodiwa ukumbini kwa kamera, mtu ananyanyuka kwenda chooni anakatiza mbele ya mfalme T'Challa. Hizo ni muvi tatu tofauti. Hapo sijagusa za kutafsiriwa. Kenya wana DJ Afro, Bongo tulikuwa na Lufufu, na kuna watu mpaka leo ukiwaonyesha ile muvi kwa sauti yake ya asili wanakwambia mbona imepoa, kumbe walichokuwa wanakipenda ni mtafsiri anayemwambia adui "leo utamkumbuka mama yako". Uganda hawakutaka hata kuficha, Who Killed Captain Alex? ya Wakaliwood sauti ya VJ Emmie imo humohumo anashangilia muvi ikiendelea, na dunia nzima imeipenda hivyo hivyo. Ile maksi unayotoa ni ya muvi au ya VJ? Mimi sijui kuzitenganisha na sioni sababu.

Za kwetu ndo zinaonewa zaidi na hizi hesabu. Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji ilionyeshwa tamasha la Toronto 2021, muvi ya Zanzibar ya Kiswahili, lakini kura zake ukilinganisha na za Marvel ni tone kwenye bahari ya Hindi, na kwa ile fomula ya 25,000 haiwezi kusogelea orodha hata wote walioipigia kura wakipiga 10. Kwa hiyo anayesema "nimecheki 250 bora hamna hata moja ya Bongo" amecheki idadi ya watu wenye akaunti, basi.

Tulikubaliana kitu kimoja kidogo kwenye group. Ukiweka maksi unaweka na umeangalia wapi, na kama hukumaliza unasema uliiacha dakika ya ngapi. Wiki iliyofuata ikawa vichekesho vitupu, mtu kaandika 2/10 halafu pembeni "dakika ya 11, kwenye daladala, bila earphone".

Juzi nikapita kwa jamaa wa library mtaani kwetu, yule anayetujazia flashi, nikamuuliza yeye anajuaje muvi kali maana hana muda wa kuangalia zote. Akanionyesha daftari lake la kaunta. Pembeni ya kila jina la muvi kuna vijiti, na nikidhani ni hesabu ya waliochukua, akasema hapana, waliochukua haandiki. Kijiti ni mtu aliyerudi kuuliza part two ipo. Black Panther ilikuwa na vijiti vingi mpaka vimepanda kwenye mstari wa juu. Chini yake kuna moja ya Kihindi ambayo jina sikulishika, ina kijiti kimoja kikubwa kimezungushiwa duara. Nikamuuliza mbona hiki kimoja umekizungushia. Akasema huyo ni mama yake mzazi, karudi mara nne.